Majibu ya Namba Saba

Mimi ni mdaku, tena mdaku wa kulipwa. Kila mwisho wa mwezi napokea mshahara kwa kazi ambayo majirani zangu wanaifanya bure: kwenda kwa watu na kuwauliza, "Yule aliyekuja juzi, alikuja kweli? Na mlimwambia nini?"

Kwenye kitambulisho changu imeandikwa Mhakiki. Taasisi yetu inakusanya maoni ya watu. Wadadisi ndio wanaotangulia, mlango kwa mlango na fomu zao. Mimi nafuata wiki moja baadaye, nachagua nyumba chache katika zile walizopita, narudia maswali mawili matatu. Majibu yakilingana, safi. Yasipolingana, maana yake mdadisi kajikalia kivulini na soda yake anajaza fomu kwa kichwa chake, na hapo mimi ndiye wa kumfukuzisha. Kwa miaka kumi na moja nimefukuzisha watu tisa, na sikumwonea hata mmoja. Wadadisi wananiita Darubini. Wanadhani sijui.

Utafiti wa mwaka ule ulihusu kupima vinasaba vya mtoto akiwa bado tumboni. Mama anatolewa damu kidogo, inapelekwa maabara, na majibu yanasema kama mtoto ana kasoro fulani au hana. Sisi hatukumpima mtu. Tulitaka tu kujua watu wanaonaje. Nani angetaka kipimo hicho? Nani asingetaka? Na akishajua, angefanyaje? Juu ya fomu unaandika umri, elimu, dini, kazi na idadi ya watoto, ili mwishoni uone kundi gani linasema nini.

Nakwambia, sijawahi kuhakiki utafiti mtamu kama ule. Mzee mmoja mstaafu alinifungia mlango usoni akisema Mungu hapimwi, kisha akaufungua tena: "Hebu ngoja. Hicho kipimo kinasema na kama ni wa kiume?" Wasichana waliomaliza vyuo walitaka kupimwa hata kesho, wakati wengine hata mchumba hawana. Kina mama wenye watoto watano sita waliniuliza mimi swali: "Nikishajua, halafu? Utakuja kunisaidia kulea?" Madereva walisema nimuulize mama watoto. Na muuguzi mmoja, mtu anayetoa watu damu kutwa nzima, aliniambia yeye mwenyewe hapimi ng'o, kwa sababu amewahi kuziona sura za watu wakisomewa majibu. Basi kila kundi na lake. Karani wetu wa kompyuta akichora yale majedwali yake, unaona kabisa: vijana huku, wazee kule, waliosoma hapa, waliolea mtoto mgonjwa pale.

Isipokuwa kwa mdadisi Namba Saba.

"Mama, njoo uone maajabu," karani akaniita asubuhi moja. Namba Saba alikuwa ameleta fomu sitini na nne. Swali la kumi na nne liliuliza hivi: kama kipimo kingeonyesha kwamba mtoto atazaliwa na kasoro ya viungo, je, ungependa mimba iendelee? Watu sitini na mmoja walikuwa wamejibu ndiyo. Vijana kwa wazee, wasomi na wasiojua kusoma, wa dini hii na wa dini ile, wote ndiyo, ndiyo, ndiyo. Makundi yalikuwa yamefutika.

"Watu sitini na nne hawawezi kukubaliana hata kwamba leo ni Jumatatu," nikasema. "Huyu kapika."

"Mwandiko wake mzuri lakini," karani akasema, akinionyesha. Ulikuwa mzuri kweli, umelala upande kidogo, kila herufi imetulia. Nikamwambia mpishi hodari ndiye wa kuogopwa. Nikachomoa fomu kumi na mbili, nikavaa raba zangu, nikaondoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Nilimkuta ameuma pini mdomoni, anakunja pindo la sare ya shule.

"Alikuja mdadisi hapa wiki iliyopita?"

Akatikisa kichwa kukubali. Nikamsomea swali la kumi na nne. Akatoa pini.

"Hapana," akasema. "Nisingependa iendelee. Dada, mimi niko peke yangu na hawa wawili. Mtoto wa kubebwa miaka yote nitambeba na mgongo gani?"

Nikatazama fomu. Palikuwa na alama ya ndiyo, na pembeni, kwa ule mwandiko mzuri: *Mtoto ni mtoto.*

"Mbona hapa inasema ulijibu ndiyo?"

Akaanza kuzichomeka pini kwenye kijimto cha sindano, moja moja, pole pole. "Basi labda nilisema."

"Labda?"

"Siku ile nilikuwa namjibu yeye," akasema. "Leo nakujibu wewe." Akakanyaga cherehani, ikanguruma, mazungumzo yakaisha.

Nikaondoka nimenuna. Jibu gani hilo? Nyumba ya pili, mwalimu wa hesabu, naye akageuka. Ya tatu, mchomelea mageti, akageuka, tena kwa kujiuma uma, mtu mzima na mwili wake. Ya nne akasimama pale pale kwenye ndiyo yake. Ya tano akasema hajui, akaniomba nisimuulize tena. Nikajua kijana alikuwa anafika kweli, maana wote walimkumbuka. Nina swali langu la mtego: namwambia mtu anielezee mdadisi alivyo, ili nisije nikadanganywa. Walinielezea kofia ya bluu. Walinielezea sauti yake, jinsi anavyosalimia, jinsi alivyokataa kukaa mpaka aambiwe. "Kijana mstaarabu mno," akasema mke wa mwalimu.

"Na nini kingine? Mrefu, mfupi? Ana alama yoyote?"

"Ana..." Akamwangalia mumewe. Mumewe akaangalia dirishani. "Basi tu. Kijana mzuri."

Hata mchomelea mageti aliishia hapo hapo. Nikaona kuna kitu wananificha, na mimi nikifichwa kitu sili nikashiba. Nikawaza: amewahonga? Na nini, senti hana. Amewaomba wamsetiri? Mwisho nikajipa jibu mwenyewe. Anafika, anauliza ukurasa wa kwanza, watu wanampenda kwa adabu zake, kisha anaenda zake kujaza kurasa zilizobaki, na watu wanaona haya kumchongea. Njia ya mwongo ni fupi, nikasema moyoni, na hii imefika ukingoni.

Hesabu ilikuwa hivi. Katika watu kumi na wawili, watano walisema hapana, watatu hawajui, wanne tu ndio walioshikilia ndiyo yao. Kanuni yetu inasema tatu zikitofautiana inatosha. Mimi nilikuwa na nane. Nikaandika kwa wino mwekundu: *Ameghushi.* Mkuu wetu, mwanamke ambaye tunamwita Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano, akaagiza barua ya kumwachisha kazi ichapwe. Angeisaini Ijumaa, na fomu zote sitini na nne zingetupwa. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema mtu hafukuzwi kabla ya kusikilizwa. Kwa hiyo Alhamisi nikaenda kumsikiliza, na sitasema uongo, sehemu hiyo ya kazi huwa naipenda.

Ofisi ya kanda ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kutengeneza simu. Sikuwa nimewahi kumwona Namba Saba. Mwaka ule wadadisi walifanya mtihani wa maandishi, wakasailiwa kwa simu, wakatumiwa kijitabu cha mafunzo, wakapelekwa moja kwa moja vituoni. Niliposukuma mlango akasimama. Kijana wa miaka ishirini na saba hivi, kofia ya bluu ameivua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema, nikanyoosha mkono.

Akanipa wake. Ulikuwa na vidole viwili. Kimoja upande huu, kimoja upande ule, vinene, vyenye nguvu, na katikati pengo. Mkono wa pili, uliokuwa umeshika kalamu, ulikuwa vile vile.

Macho hayana pazia. Nilitazama. Nilitazama kuliko ilivyo heshima kutazama, na yeye akaniacha nitazame, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kamba za viatu. Halafu nikaketi bila kukaribishwa. Fundi cherehani na pini zake, mwalimu na dirisha lake, wote wakanipita kichwani mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amekaa mbele yao, amewasomea: kama mtoto angezaliwa na kasoro ya viungo, ungependa mimba iendelee? Kisha akaishika kalamu kwa vidole viwili, akainua uso, akangoja.

Wewe ungejibu nini?

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza, na sauti ilitoka kali kwa sababu niliona aibu.

"Nikwambie nini, mama?"

"Hiyo... hiyo mikono."

"Fomu inauliza umri wa mdadisi na jinsia yake. Nilijaza vyote." Akatabasamu kidogo. "Mkuu wa kanda ananiona kila siku. Naye hakusema?"

"Hakusema."

"Watu wana adabu sana," akasema, na sikujua kama ni sifa au lawama.

Nikamweleza kilichonileta. Barua, wino mwekundu, nane kwa kumi na mbili. Tabasamu likamtoka. Akasema kazi hii ameitafuta miaka minne; amefaulu usaili wa simu mara sita mahali pengine, na mara sita, akifika mwenyewe, nafasi imekwisha kujazwa dakika hiyo hiyo. Hapa tu ndipo walipompa kofia wakamwambia nenda.

"Mimi sikughushi hata nukta, mama. Waliloniambia ndilo nililoandika."

"Na ulijua wanakudanganya?"

"Toka wiki ya kwanza. Mwalimu wa hesabu alishaanza kusema 'Hapa—', akaangalia kalamu, akahamia kwenye ndiyo. Lakini mafunzo yanasema andika jibu. Hayasemi andika macho."

Akavuta kiti karibu, na sasa yeye ndiye aliyekuwa mdaku. "Wewe walikuambia nini?"

"Nani?"

"Wale kumi na wawili. Kwenye la kumi na nne. Nataka kujua."

Karatasi ilikuwa mkobani mwangu. Miaka kumi na moja nakula kwa ukweli, jamani, ndio chakula changu. Nikafungua mdomo nikasema: "Ah, wengi walibaki na ndiyo yao. Waliobadilika ni kwenye mambo madogo madogo."

Aliniangalia tu. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka fundi simu akachungulia mlangoni.

"Hata wewe, mama? Hata Darubini?"

Uso ulinichoma. Nilikuwa nimefanya kile kile, tena bila kuwaza, ulimi umeteleza wenyewe kumfurahisha mtu aliyekaa mbele yangu. Nikatoa karatasi nikamsukumia. Akaisoma mstari kwa mstari, fundi cherehani, mwalimu, mchomelea mageti, vidole vyake vikishuka pembeni mwa majina ya kazi zao. Hakucheka tena. Alipofika chini akarudi juu, akahesabu.

"Watano," akasema.

"Watano."

"Fundi alinipa maji ya kunywa." Akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia. "Kesho nitakuja kwa Daktari mwenyewe. Usimweleze kitu. Ukimweleza atasema ni visingizio, na atakuwa na haki. Niache nimuulize."

"Umuulize nini?"

"Fomu nzima. Naye ni mtu, ana umri na elimu na watoto."

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Daktari si mtu wa kuchezea. Yale maswali aliyaandika yeye, na kwenye mafunzo yetu alisimama mbele ya wahakiki na wakuu wa kanda akatangaza kwamba alipima mimba zake mbili, na kwamba kama kipimo kingesema kuna kasoro, mimba isingeendelea, na haoni sababu ya kulifanya hilo siri. "Nataka mjifunze kusikia majibu bila kukunja uso," alisema. Mimi nilikuwepo, kiti cha mbele. Sasa nikawaza: akirudia hayo hayo mbele ya mikono ile, kijana amekwisha. Barua itasainiwa kabla chai haijapoa.

Ijumaa saa nne tuliingia. Barua ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Daktari akainua macho, akamwona kijana, akaona mikono, na akafanya kama walivyofanya wote: akatazama haraka mahali pengine.

"Karibu. Mhakiki amenieleza tatizo la fomu zako. Una la kusema?"

"Nina fomu moja tupu, Daktari," Namba Saba akasema. "Naomba uijibu. Haichukui dakika ishirini."

"Mimi?" Akanigeukia. "Ndicho kilichokuleta naye hapa?"

"Ndicho," nikasema. "Naomba umjibu."

Alikasirika, nilimwona. Lakini mtu aliyeandika swali ataonaje haya kuulizwa? Akavua miwani, akajiegemeza. Kijana akaanza, kwa ile sauti yake. Umri, akajibu. Elimu, akajibu, na hiyo ilichukua mistari miwili. Watoto wangapi? Wawili. Umewahi kusikia kuhusu kipimo hiki? Ndiyo. Umewahi kupimwa? Ndiyo, mara mbili. Majibu yalikuwa yanatoka makavu, ya haraka. Na kila alipojibu, macho yake yalishuka kwenye karatasi, kwenye vile vidole viwili vinavyoendesha kalamu, yakapanda tena.

"Swali la kumi na nne. Kama kipimo kingeonyesha kwamba mtoto atazaliwa na kasoro ya viungo, je, ungependa mimba iendelee?"

Kalamu ikasimama hewani. Nikahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu, nne.

"Ndiyo," Daktari akasema. "Bila shaka. Ndiyo."

Kijana akatia alama. Hakuniangalia, wala hakuinua uso. Mimi ndiye niliyeshindwa kujizuia.

"Daktari," nikasema, "kwenye mafunzo ulisema nini?"

Alifungua mdomo kunijibu, ukabaki wazi. Niliona jambo lile likimwingia, taratibu, kutoka kwenye paji la uso kushuka chini. Akaitazama fomu. Akatazama rundo la fomu nyingine sitini na nne kwenye kona ya meza. Akayafunika macho kwa viganja, akakaa hivyo.

"Sikukusudia," akasema kutoka humo ndani. "Wala sikuona nikilisema."

"Hakuna anayekusudia," Namba Saba akasema.

Daktari akaichukua ile barua, akaichana mara mbili, akaitupa kwenye kikapu. Akasema fomu sitini na nne zinabaki, na kijana anabaki kazini, na tangu leo ukurasa wa kwanza utaeleza mdadisi ni nani na anaonekanaje, kama mwenyewe ataridhia. Alisema mambo mengi, haraka haraka, kama mtu anayefunika sufuria inayochemka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupumua, nikitafuta mkoba wangu, nikijua kazi ya kijana imepona na mimi mikono yangu haina damu ya mtu wa kumi.

Lakini Namba Saba hakuinuka.

Daktari akaliona hilo. Akavaa miwani yake. "Niulize tena," akasema.

"Jibu la kwanza ndilo linaloandikwa, Daktari. Kanuni yako."

"Chukua fomu nyingine."

Akatoa nyingine. Akaanza pale pale, kwa sauti ile ile, bila kuibana wala kuilegeza. Safari hii Daktari hakutazama karatasi. Alimtazama usoni.

"Hapana," akasema. "Nisingependa iendelee."

Chumba kizima kikawa baridi. Nilitamani kuziba masikio ya kijana kwa mikono yangu, kana kwamba bado halijamfikia. Yeye akatia alama mahali pake.

"Asante," akasema. "Swali la kumi na tano. Kwa nini?"

"Ningeogopa."

Akaandika. Neno moja, limelala upande, zuri. Kisha akafunika kalamu, akaiweka juu ya meza.

"Ungeogopa nini?"

Daktari akaivua miwani tena. "Hilo halimo kwenye fomu."

"Halimo," kijana akakubali. "Nauliza mimi."